Mtani wa Njiani

"Gari la Mbinga ni saa tisa, mzee wangu. Sasa hivi saa nne na nusu," mkata tiketi alisema bila kuinua macho kwenye simu yake. "Kaone mji."

Abdulswamadu alikuwa akiomba moyoni aambiwe hivyo hivyo. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, baba wa watoto sita, na Songea alikuwa akiisikia redioni tu. Kwao ni Tunduru, kijijini, ambako kazi yake ni kupulizia mikorosho dawa, ya kwake na ya yeyote anayemwita. Safari yenyewe ilikuwa ya Mbinga, kumwona mtoto wa binti yake Shamimu, aliyezaliwa wiki mbili zilizopita. Mjukuu angesubiri. Mtoto mchanga hana haraka na mtu.

Akaacha begi lake ofisini kwa mkata tiketi, akaweka kofia yake sawa, akauingia mji kama mtu anayekagua shamba analotaka kununua. Alianza kuhesabu ghorofa, na alipofika ya nane bodaboda ikampigia honi akasahau hesabu. Sokoni aliuliza bei ya maharage, ya dagaa wa Nyasa, ya redio, hakununua hata kimoja. Alikunywa chai ya tangawizi kwa mama mmoja aliyemwamkia vizuri, "Shikamoo baba," hata akajikuta ameongeza andazi ambalo tumbo halikuliomba. Kila alichokiona alikipanga kichwani. Jioni za barazani kijijini kwao ni ndefu, na msemaji ni yeye.

Alifika mpaka kwenye makumbusho ya Majimaji, akasimama nje ya uzio akitazama.

"Umetoka wapi, mzee?" mlinzi wa getini akamuuliza.

"Tunduru. Mimi Myao."

"Loo, mtani! Umekuja kuhakikisha kama babu zetu walikufa kweli?"

"Nimekuja kuhesabu. Isije ikawa mmoja kabaki anazunguka anatafuta chakula."

Walicheka mpaka mlinzi akafuta machozi. Wayao na Wangoni ndivyo walivyo. Lakini utani wao haukomei kwenye kucheka, kwa sababu msibani mtani ana kazi. Kule kijijini, Mngoni akifariki, awe mwalimu au bwana shamba, Abdulswamadu huitwa kabla ya mwenye turubai. Huchimba kaburi, huteka maji, halafu hulala njiani jeneza lisipite mpaka apewe jogoo. Huvaa kofia ya marehemu na kutembea kama yeye, na waliofiwa hucheka pale walipodhani hawatacheka tena. Hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Kazi hiyo aliiweza, alijua kuwa anaiweza, na alipenda wengine nao wajue.

Basi aliondoka pale getini kifua mbele, akazidi kutembea tu, na alipofika Mjimwema akaona turubai, na wanawake wamejifunga kanga viunoni. Akamsimamisha mama mmoja aliyebeba ndoo.

"Nani amefariki, mama?"

"Rupert Gama, baba. Dereva wa malori. Tunazika saa saba."

Gama. Mngoni huyo, hana pa kujificha. Angeweza kusema poleni akapita, kama mpita njia yeyote mwenye akili. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakupita, na jibu halikuwa zuri: mji mzima ulikuwa umempita tangu asubuhi bila kumtambua, naye alitaka kutambuliwa.

Jeneza lilipofika mlangoni likitolewa nje, lilimkuta kalala chali kwenye kizingiti.

"Hatoki mtu! Mimi Myao wa Tunduru, na huyu anaondoka na mambo yangu!"

Vilio vikakatika. Kisha mwanamume mmoja mrefu mwenye macho mekundu, Saimon, mdogo wa marehemu, akaangua kicheko. "Afadhali umekuja, mtani! Tangu jana tumekaa hapa kama tuko mahakamani!"

Akaletewa jogoo, akamkataa akidai amekonda kama aliyemleta. Akaletewa mwingine. Wazee wakacheka, wanawake wakacheka huku kamasi zinawatoka. Joto lile la vicheko likampanda kichwani. Akaenda kupiga magoti mbele ya mkeka alipokaa mjane, mama mnene mpole aliyeitwa Theodosia.

"Shemeji, pole sana. Nimetumwa na mke mwenzio wa Tunduru, Subira. Anasema kitanda mgawane, yeye apewe upande wa miguuni."

Watu walipasuka kwa kicheko. Theodosia hakucheka. Alimtazama Abdulswamadu kama mtu aliyekaa siku nyingi akisubiri majibu ya vipimo, na sasa ameyapata.

"Subira," alisema taratibu. "Na watoto je?"

Watu wakacheka zaidi, wakidhani naye ameingia kwenye mchezo. Abdulswamadu peke yake, kwa kuwa alikuwa karibu, aliona vidole vya mama yule vilivyoing'ang'ania kanga. Akainuka, akawafuata waliobeba jeneza.

Njiani kuelekea makaburini akajisogeza kwa Saimon. "Ndugu yangu, marehemu alikuwa akiendesha kwenda wapi?"

"Si kwenu huko! Msimu wa korosho alikuwa anahamia Tunduru, miezi mitatu, minne. Kwani hukumjua?"

Hakumjua. Hapo ndipo aibu ilipoanza. Kule kijijini kila maiti aliyemtania alikuwa mtu aliyekula naye. Bahili alimwita mgawaji, na aliyemwogopa mke wake alimpa wake kumi, na kila mtu alijua kuwa si kweli, ndiyo maana walicheka. Miaka yote ya kupulizia hajawahi kuwasha pampu kabla ya kutazama upepo unaelekea wapi, maana dawa hairudi ikishatoka. Leo amepulizia mlangoni kwa watu wasiomjua, akiwa amefumba macho.

Katekista alipomaliza sala, Abdulswamadu akajitokeza mbele. "Jamani, yale maneno ya Subira ni uongo. Nimeyatunga. Wallahi!"

Kicheko kikapaa juu ya kaburi. "Mtani anaapa!" Saimon akapiga makofi. "Sasa ndiyo tujue ni kweli tupu!"

Alichukua koleo kwa mtu na kuanza kufukia. Alifukia bila kupumzika, bila utani, na waliotaka kumpokea aliwakatalia. Watu wakasifu: huyu ni mtani hasa. Kila sifa ilimchoma.

Saa nane walikuwa wamerudi. Alimkuta Theodosia nyuma ya nyumba, ananawa mikono peke yake, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, naomba unisikilize kama mtu, usinisikilize kama mtani. Mumeo simjui. Nimeshuka kwenye basi leo asubuhi, nasubiri gari la Mbinga. Huyo Subira sijapata kumwona. Jina limenijia tu mdomoni."

Theodosia alikung'uta maji mikononi. "Wewe ni mtu mwema. Unamsitiri."

"Simsitiri mtu, mama."

"Miaka minne iliyopita nilikuta kitenge kwenye begi lake, kipya, kimekunjwa vizuri. Akasema ni cha dada yake. Dada yake mpaka leo hajakivaa. Tangu hapo nasubiri mtu wa kuniambia." Akatabasamu kidogo, na tabasamu lile lilikuwa baya kuliko kilio. "Sikujua kama atakuja kwa kulala mlangoni kwangu."

"Labda kweli kilikuwa cha dada yake."

"Labda."

Akaingia ndani, akatoka na koti zito la rangi ya udongo, limechakaa viwikoni. "Watani ndio mnaochukua nguo za marehemu. Chukua hili, lakini si lako. Mpelekee. Mwambie aje kwenye arobaini, na kama kuna watoto aje nao. Nisingeweza kusema hivi Rupert akiwa hai. Sasa hakuna tena wa kugombaniwa."

Abdulswamadu alitaka kukataa. Lakini angesema nini zaidi ya yale aliyokwisha kusema, na ambayo hayakuaminiwa kwa sababu ameyasema yeye? Alinyoosha mikono yote miwili akapokea, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Hakuaga mtu mwingine.

Gari liliondoka saa tisa na robo. Hawakuwa wamefika mbali simu ikaita, Shamimu.

"Baba, shikamoo! Umeuonaje mji?"

"Marahaba. Mkubwa."

"Hebu nisimulie basi."

"Mtandao unakata, mwanangu," alisema, na mtandao haukuwa unakata.

Walipoanza kupanda milima ya Umatengo ubaridi ukaingia. Abiria wakatoa masweta. Dirisha la upande wake lilikuwa halifungi vizuri, naye alikuwa na shati la mikono mifupi, limelowa jasho la kaburini. Mama aliyekaa naye alimtazama mara mbili, akashindwa kunyamaza.

"Baba, si uvae koti lako? Utaumwa."

"Si langu."

"La nani?"

Abdulswamadu alifungua mdomo. Mama yule akasubiri. Kisha akaona mzee analikunjua lile koti, analikunja upya polepole, mikono ya koti ndani, vifungo juu, na kuliweka tena magotini.