Ruta Zinazoaminiana

Raudha alikuwa analoa jasho, ingawa chumba cha mitambo kina feni. Nyuma yake dada yake, Mwanaasha, alisimama mlangoni akiuliza kila baada ya pumzi, "Vipi, mdogo wangu? Imekubali?"

Haikuwa imekubali. Kwenye foleni ya mpakani, ndani ya lori la Masumbuko, vifaranga wa Mwanaasha walikuwa wanachemka na jua la mchana. Kibali cha kuwavusha kwenda Zambia hakitoki bila mtandao, na katapila la watengeneza barabara lilikuwa limekata kebo asubuhi.

Lakini modemu ya akiba ilikuwepo, inawaka. Hicho ndicho kilichomtia kiwewe: mbona ruta, kisanduku cha kuelekeza mawasiliano, haiyapitishi huko?

Alipokuwa anauweka mtandao wa ofisi hii ya uwakala wa forodha, angeweza kuziandikia ruta njia zote kwa mkono. Angeweza pia kuziwekea utaratibu wa kila ruta kuchora ramani ya mtandao mzima, ijionee yenyewe palipokatika. Yeye akachagua ule mwepesi: ruta iiulize ruta jirani kama inafika kwenye intaneti, na ni mbali kiasi gani, kisha iamini. Akapumzika zake.

Leo ruta ya ofisini ilipokosa njia, iliiuliza ya bohari lao la Chapwa, nje ya mji. Chapwa ikajibu inafika, bila kujua kwamba njia yenyewe iliambiwa na hii hii ya ofisini. Basi zikawa zinarushiana ombi la kibali, pitia kwako, pitia kwangu, modemu haiguswi, na vifaranga wa watu wanakauka. Raudha alijichukia.

Akaandika njia kwa mkono: yote yapite kwenye modemu. Kibali kikatoka.

"Alhamdulillahi!" Mwanaasha akampigia Masumbuko palepale. "Kibali tayari! Sogea getini!"

"Geti gani tena, mama? Mi nimeshatoka foleni, niko huku Chapwa."

"Kakutoa nani?"

"Jamaa wa mbele yangu kasema leo hakuna kuvuka. Na yeye kaambiwa na wa mbele yake."

Raudha akakaa chini. Kwa foleni ile, kuanza upya ni hadi kesho.

Mwanaasha hakugomba. Aliibana simu sikioni.

"Masumbuko, umezima injini?"

"Nimezima, mama."

"Mbona siwasikii vifaranga?"