Sebule Yenye Shingo

Mfinyanzi alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, miguu kainyoosha, anapandisha tumbo la chungu kwa vidole vilivyolowana, binti yake aliporudi kutoka kazini na kumwambia kwamba sebule ya baba mdogo imekuwa duara.

"Duara kama nini?" akauliza, macho hayajainuka.

"Kama ndani ya chungu, mama. Kona zote zimeondoka. Kabati limebaki katikati ya chumba, halina pa kuegemea."

"Tangu lini?"

"Jana mchana. Mama mdogo anasema walikuwa wanakula, sahani zikaanza kuteleza kwenda katikati."

Mfinyanzi akakitazama chungu alichokuwa nacho mbele yake. Kilikuwa chungu cha kawaida, kitako kimekaa vizuri, tumbo ndiyo kwanza linatoka. Alikuwa amekianza jana mchana.

"Haya," akasema, akachovya vidole kwenye beseni la maji. "Nenda kavue viatu ule."

Udongo ule ulikuwa wa mwisho kutoka kwenye shimo la udongo la mtaa wao wa zamani. Siku malori yalipokuja kuwahamisha, kila nyumba ilipewa nafasi ya kupakia vitu vyake, na watu walipakia vitanda, makochi na mabati. Mfinyanzi aliacha kitanda cha ndoa na kabati la vyombo, akapakia gunia la udongo. Majirani walisema huzuni imempanda kichwani, mwacheni. Huku kwenye makazi mapya, basi linakogeuzia, aliliweka gunia lile chini ya kitanda, kalizungushia nailoni, na kila asubuhi alilinyunyizia maji kabla hajaosha uso wake mwenyewe. Hakuligusa kwa kazi. Alijaribu udongo wa huku kwanza, lakini ulikuwa na mchanga mwingi, vyungu vikapasuka kwenye moto kimoja baada ya kingine. Ndipo akalivuta gunia.

Udongo mwingine wote wa shimo lile ulikuwa umeshakuwa ghorofa. Mji ulikuwa unanenepa kila upande, na waliojenga walikuwa na haraka. Walisimamisha nguzo za zege, halafu matofali ya kuta wakayapiga palepale, kwa udongo wa shimoni, wakayaanika kidogo juani, hawakuyachoma, wakayapandisha, wakapiga lipu, wakapaka rangi ya maziwa. Sebule ya ghorofa ya chini ndiyo iliyojengwa kwanza, na ndiyo iliyokula udongo wa juu, ule mlaini usio na jiwe, ambao ndio aliouchota yeye. Kwa hiyo udongo ulikuwa mmoja. Sehemu yake ilikuwa ukuta, sehemu ilikuwa kwenye gunia, na hakuna aliyekuwa ameuambia kwamba umetengana.

Sebule hiyo alipewa shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake. Alipewa kwa sababu ndiye aliyesimama kwenye mkutano, kavaa koti la marehemu, akasema shimo lile ni mali ya kaka yake na kwa hiyo liko mikononi mwake. Shimo halikuwa la kaka yake. Halikuwa la mtu. Lilikuwa la wanawake waliofinyanga, la mama zao na la bibi zao, na kila aliyechota udongo aliacha gae moja la chungu kilichovunjika, ili shimo lisibaki bila kitu. Mwenye ghorofa hakuacha gae. Shemeji alilijua hilo, maana alikua akitumwa kupeleka magae na mama yake mzazi.

Jioni ile, binti alipomaliza kula, alirudi na kukuta mama yake anakusanya mdomo wa chungu kuelekea ndani.

"Si ulisema cha mdomo mpana?"

"Nilisema. Sasa nataka mtungi."

"Mama."

"Wa maji. Mtungi wa maji una shingo, binti yangu, au unataka niufinyange uchi?"

Binti alikuwa anafagia ngazi na korido za ghorofa lilelile, kazi aliyoipata baada ya kuhamishwa, kwa hiyo habari zilikuwa zinafika nyumbani kila siku na basi la jioni. Alisema mlango wa baba mdogo umepanda juu kidogo na kuwa mviringo. Alisema shingo imetokeza kwenye korido, na wapangaji wanainama wakipita. Madirisha yalizibika siku mama yake aliposawazisha vitundu kwa kidole gumba. Mlango wa chumbani ulizibika siku hiyohiyo. Mama mdogo, ambaye ni mwembamba, alitoka mapema akiwa na pasi na vyombo vyake vya harusi, akahamia kwa dada yake. Alimwambia mumewe, ambaye mabega hayakupita, atakuwa anamletea chakula, na kweli alikileta, akakiingiza kwa mdomo wa sebule kwa mkono ulionyooka, akakaa kidogo kwenye ngazi kuzungumza naye, akaenda zake.

Wapangaji wa juu walilalamika jambo moja tu, kwamba mtu akipiga chafya mle ndani, jengo zima linaitikia. Aliitwa fundi na nyundo yake. Aligonga, nyundo ikazama kama kwenye uji, akaitoa, akaifuta. Akasema sebule haivunjwi, kwa sababu nguzo ya upande ule imeshamezwa na ghorofa zote za juu zimekaa kwenye bega la mtungi. Akaomba nauli yake.

Shemeji alipiga simu.

"Shemeji yangu, mke wangu wa bure," akasema, kwa sauti yake ile ya utani. "Umekula lakini?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimepenyezewa. Sasa shemeji, nasikia una kazi mpya mikononi."

"Ninayo."

"Nzuri?"

"Tumbo limekaa. Shingo ndiyo ninaikaza."

Ilisikika sauti ya mtu anayejisogeza kwenye kochi.

"Unataka nini, shemeji?"

"Nataka useme kwa mdomo wako, mbele ya watu, shimo lilikuwa la nani."

"Mambo ya zamani hayo. Mji lazima ukue. Ningekataa mimi, angekubali mwingine."

"Sawa. Basi angekuwa humo mwingine," akasema, akakata simu, akafuta udongo kwenye kitufe kwa pindo la kanga.

Siku zilizofuata alifanya mambo ambayo mtungi wa maji hauyahitaji. Alichukua gunzi la hindi akalibiringisha tumboni pote kutia nakshi, akalikandamiza sana, na kule sebuleni kuta zikatoka vinundu safu kwa safu, hata pakakosekana pa kuegemeza mgongo. Alisugua bega kwa jiwe lake laini kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, na binti akaleta habari kwamba baba mdogo ameshinda ameziba masikio. Siku moja aliupindua mtungi mdomo chini, kukagua kitako.

"Mama, mtu yumo."

"Najua kama yumo," akasema, akauinua tena, taratibu. Televisheni ilikuwa imeshaanguka. Mambo ya haja yalikuwa na ndoo yake, na ndoo nayo ilianguka, hayo tuyaache.

Jioni, akiwa anaufunika mtungi kwa nailoni iliyolowana ili usikauke kabla hajaamua, binti alikaa karibu yake.

"Mpanulie kidogo tu. Apitishe mabega."

"Aseme kwanza."

"Ndiye aliyenishika mkono siku ya kwanza ya shule, mama. Wewe ulikuwa shimoni na baba alikuwa safarini. Alinisubiri mpaka nikanyamaza kulia."

"Nakumbuka. Alikuwa kijana mzuri." Mfinyanzi akabana kona ya nailoni kwa jiwe. "Sijasema nitauchoma."

Binti hakulala vizuri baada ya neno hilo. Kesho yake, badala ya kufagia, alikwenda kwenye mdomo wa sebule akazungumza na baba yake mdogo kutwa, naye akasikika analia mle ndani kwa sauti nene, wapangaji wakafunga milango kwa adabu. Hatimaye akasema atasema.

Walikwenda wote siku ya mapumziko. Wafinyanzi wa zamani walikuja kutoka huko walikotawanywa, wengine wakitembelea fimbo, wakasimama kwenye korido wakiwa wamevaa vizuri. Alikuja pia afisa wa kampuni iliyojenga, kijana mwenye kofia ngumu, mpole, aliyewaamkia wote shikamoo. Waliinama kuiepuka shingo, kisha wakajipanga mbele yake.

"Haya, shemeji," akasema mfinyanzi. "Watu wapo."

Sauti ikatoka imekuwa kubwa, kama sauti yoyote itokayo mtungini.

"Shimo halikuwa la kaka. Wala langu. Lilikuwa la wanawake. Nililijua tangu nikiwa mdogo, nikipeleka magae. Nilisema uongo, na hii sebule ndiyo niliyopewa kwa uongo huo."

Wanawake walisikia. Mmoja, mkubwa kuliko wote, akaitikia kwa kichwa na kusema, "Afadhali." Binti akamshika mama yake kiwiko, na mfinyanzi akahisi kitu kifuani kinalegea, kama udongo unapopokea maji.

Kisha wakamtazama afisa.

"Tumesikia," akasema afisa. "Asante sana, mzee, kwa ukweli."

"Kwa hiyo?" akauliza yule mkubwa.

"Kwa hiyo tumesikia, bibi. Jengo limeshakuwa jengo. Hatuwezi kulinyanyua tukawapa kilicho chini." Akagusa shingo ya sebule kwa kiganja. "Ila nilitaka kuuliza. Ubaridi huu wa humu ndani, unawezekana kwenye vyumba vingine? Wapangaji wanaupenda. Majengo yajayo tungeyafanya hivi tangu mwanzo."

"Majengo yajayo yako wapi?" akauliza binti.

"Huko mnakokaa nyie, dada. Basi linakogeuzia. Msijali, mtatafutiwa mahali pengine, mbele kidogo. Vijana wamepita leo asubuhi kupiga vigingi."

Akawaaga kwa heshima, mmoja mmoja, akainama na kupita chini ya shingo.

Waliposhuka kwenye basi waliviona vigingi, vimepakwa rangi nyekundu kichwani, vimefuata njia ya miguu, vimekatiza uani kwa jirani, na kimoja kimesimama katikati ya miche ya nyanya ambayo binti aliipanda mwenyewe. Mche mmoja ulikuwa umelazwa. Binti akachutama, akajaribu kuusimamisha, ukalala tena.

Mfinyanzi alipita moja kwa moja mpaka nyuma ya nyumba. Akaondoa jiwe, akaikunja nailoni vizuri kama shuka, akautoa mtungi na kuuweka kwenye upepo, upande unaopigwa na jua.

Hata jua lilipogeuka kuelekea kutua siku iliyofuata, mtungi ulikuwa umebadilika rangi, umepauka, na umejikaza kidogo pande zote, kama vyungu vyote vinavyofanya vikikauka. Simu ikalia. Binti, aliyekuwa ametoka kazini na bado kashika mkoba, akaipokea na kuiweka sauti ya nje.

"Shemeji, nimesema," ikasema sauti. "Nimesema mbele ya watu wote. Mbona shingo iko vilevile? Naona kama imepungua."

"Ulisema vizuri, shemeji," akajibu mfinyanzi. "Tumekusikia. Lakini udongo umeshakauka. Sasa mimi nifanyeje?"

Sauti ikaomba, kwa upole, ipewe binti.

Binti alijua, kama anavyojua kila aliyekulia kwa mfinyanzi, kwamba udongo ambao haujaona moto hurudi laini ukilowekwa. Shemeji naye alilijua hilo. Beseni la maji lilikuwa hapo katikati yao, limejaa, lile la kuchovya vidole. Mama yake alikuwa anamtazama, mikono kaiweka magotini.

"Baba mdogo, shikamoo," akasema binti. "Umekula?"

Akasikiliza jibu mpaka mwisho, akamtakia usingizi mwema, akaweka simu chini. Kisha akaliinua beseni kwa mikono miwili, akaupita mtungi, akaenda mbele ya nyumba na kuimwagia miche ya nyanya, mmoja baada ya mwingine, akikizunguka kile kigingi asije akakilowanisha.