Vidonge Sita vya Shangazi

1.

Haikomi.

2.

FOMU YA KUPOKEA MGONJWA
Jina: Kundu Makokha
Umri: miaka 14
Tatizo: Ametahiriwa leo alfajiri. Sasa ni saa nane mchana. Bado anatoka damu.
Vitambaa vilivyobadilishwa: tisa
Dawa alizotumia kabla ya kukatwa:

(Hapo kalamu ilisimama.)

3.

"Hakuna," alisema Makokha, baba wa mtoto, kifua mbele. "Huyu hakuguswa na dawa yoyote. Amesimama mkavu, daktari. Andika hivyo."

Nyuma yake alikuwa dada yake, Nangila, ameshika kitambaa cha kumi. Alifungua mdomo.

Akaufunga.

4.

Wewe usiyetoka kwetu, sogea nikueleze, maana bila hili hutaelewa kwa nini mwanamke mwenye akili zake timamu alinyamaza huku mtoto wa kaka yake akiisha mbele ya macho yake.

Kwetu mtoto hutoka mtoni alfajiri amepakwa matope, akaja kusimama uani kwa baba yake. Ngariba huinama na kisu. Wewe ungedhani watu hutazama kisu. Hakuna anayetazama kisu. Ukoo mzima hutazama uso. Ukipepesa, umepepesa. Mguu ukitetemeka, utatetemeka mpaka uzikwe. Na ukisimama kwa nguvu ya dawa, hukusimama.

Makokha alitetemeka mguu. Imepita miaka thelathini na moja. Ana ng'ombe, ana nyumba ya matofali, ni mzee wa kanisa, na bado kwenye sherehe hakosekani mlevi mmoja wa kuinuka na kutikisa goti, na watu wakacheka mpaka machozi. Nangila amekiona kicheko hicho maisha yake yote. Alikichukia kuliko ugonjwa.

5.

Mambo ambayo Nangila aliyajua kuhusu aspirini:

Inatuliza kichwa.

Inashusha homa.

Ukiisaga ukaipachika kwenye jino bovu, fizi inaungua. Aliungua mwenyewe, akala uji wiki nzima.

Ikikaa sana kwenye kopo huanza kunuka siki.

Tangu mwaka juzi, uso wake ulipolegea upande mmoja, hospitali humpa vidonge vyake vidogo, kimoja kila siku, "ili damu isigande, mama."

Ili damu isigande. Aliambiwa hivyo kwa Kiswahili safi. Akaitikia, akashukuru, akaenda zake. Zile zake zilikuwa ndogo, za moyo. Hizi alizonunua dukani zilikuwa kubwa, za maumivu. Kichwani mwake zilikuwa dawa mbili tofauti, na hata jina lililoandikwa kwenye karatasi zote mbili halikumzindua, mpaka damu ya mtoto ilipokataa kukoma.

Jamani, jina lilelile!

6.

Jioni ya juzi, viwili.
"Shangazi, hii ya nini?"
"Ya kukutia nguvu. Meza."

Jana, viwili.

Leo gizagiza, kabla hajapelekwa mtoni, viwili.
"Usimwambie baba yako."

7.

(Kidonge chasema.)

Mimi asili yangu ni gamba la mti. Watu wa kale walilitafuna, maumivu yakapungua, tumbo likawaka moto. Baadaye wenye maabara wakanibandika kipande cha asidi, ndugu yake siki, ili nipunguze ukali. Ndicho kinachonuka nikichakaa.

Kwenye damu kuna chembe ndogondogo ambazo kazi yake ni kukimbilia penye jeraha na kushikana mikono. Naziendea moja moja. Naibandika chembe kipande changu, basi, haiiti wenzake vizuri tena, na haitapona mpaka ife. Huishi siku kama kumi. Kwa mgonjwa wa moyo hiyo ndiyo faida yangu.

Maumivu nayatuliza kwa saa chache. Watu wakiona yamerudi hudhani nimeondoka.

8.

Uani, saa kumi na mbili na robo:

"Umeona? Hata kope!"
"Nguzo! Nguzo ya simiti!"
"Na vile baba yake..."
"Nyamaza wewe. Leo hayo yamefutwa."

Vigelegele. Makokha alilia hadharani bila aibu. Nangila alicheza mpaka viatu vikamtoka. Alikuwa na furaha, tusimnyime. Ilikuwa furaha ya kweli.

9.

TAHADHARI (karatasi ya ndani ya pakiti, herufi ndogo kuliko sisimizi)
Usitumie ikiwa una vidonda vya tumbo.
Usitumie ikiwa una tatizo la kutokwa na damu.
Asipewe mtoto aliye chini ya miaka 16 bila idhini ya daktari.
Mweleze daktari ikiwa unatarajia kufanyiwa upasuaji wa aina

Imechanika hapo. Nangila aliichana mwenyewe afungie chumvi.

10.

Daktari Chelangat, binti mdogo mwenye sauti ya kuchoka, alikuwa ameshashona mara mbili. Uzi ulishika. Damu ikapita pembeni mwa uzi, polepole, kama haina haraka.

Kundu alikuwa anatetemeka kwa baridi, na nje jua linachoma.

"Ana maumivu makali," alisema daktari. "Nampiga sindano ya kutuliza, halafu tumpeleke rufaa."

Sindano ikavutwa. Ikainuliwa.

"Hiyo sindano," Nangila alisema, "ni ya jamii ya aspirini?"

"Si aspirini, mama, lakini ni jamii moja. Kwa nini?"



Kaka yake akageuka.

Ungefanya nini wewe? Usinijibu upesi.

"Kwa sababu nimempa aspirini. Sita. Zile kubwa. Mbili leo asubuhi. Msimdunge hiyo, tafadhali, msimdunge!"

11.

Sindano ilirudi kwenye trei.

Makokha hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alimtazama dada yake, akatazama goti lake mwenyewe, kisha akasema taratibu, "Kwa hiyo hakusimama. Dawa ndiyo iliyosimama."

"Mzee, nisikilize," daktari alisema. "Aspirini haiwezi kuzuia uchungu wa kisu. Hata kumi. Huyu mtoto alisikia kila kitu. Alisimama kwa..."

Makokha alikuwa ameshatoka.

Nangila alibaki ameganda. Haikuwa na kazi, basi. Haikumsaidia mtoto hata chembe. Imemchukulia damu tu.

Ndipo Kundu akafungua macho. Midomo ilikuwa myeupe.

"Sikumeza," alisema.

"Kundu."

"Nilizitema mtoni. Zote. Daktari, andika."

"Alimeza," Nangila alisema. "Nilimtolea maji kwa mkono wangu. Nilimwona koo likishuka. Daktari, anadanganya, ona anavyodanganya, mwanangu, unadanganya ufe?"

12.

FOMU YA RUFAA
Sababu: Kutokwa na damu kusikokoma baada ya tohara
Dawa alizotumia: Aspirini, vidonge 6 vikubwa kwa siku tatu, kwa maelezo ya shangazi. MGONJWA ANAKANA.
Ombi: Damu. Chembe za kugandisha zikipatikana.
Dawa za kuepuka: Aspirini na jamii yake yote
Sahihi ya mzazi: Amekataa
Hali ya mgonjwa wakati wa kuondoka:

13.

Nje walisimama vijana wa rika la Kundu, na wazazi wao. Habari ilikuwa imeshatangulia, si unajua habari ilivyo. Hakuna aliyecheka. Walitazama chini, na hilo Kundu aliliona alipokuwa anapitishwa kwenye machela.

Gari la wagonjwa likawashwa. Nangila akapanda, akakaa pembeni mwa machela, akaweka mkono juu ya kitambaa na kukandamiza kama alivyoonyeshwa.

Kundu aligeuza uso ukutani.

"Shangazi."

"Naam, baba."

"Shuka."

Dereva alisubiri, mlango wazi, mkono kwenye gia. Daktari alisubiri. Kitambaa kilikuwa chenye joto chini ya kiganja cha Nangila, na kilizidi kulowa.

Hakushuka.