Masikio ya Wifi

Wifi yangu analipwa kwa kunyamaza. Chuo kikuu kimempa ofisi, meza na cheo kirefu cha mwanahistoria wa simulizi, lakini ukimkuta kazini utaona mtu aliyekaa tu, mikono mapajani, anamtazama mzee usoni kana kwamba anasubiri kukaribishwa chai. Wazee wanampenda kupita kiasi. Mama yangu mzazi alimpenda kuliko wote, na hilo ndilo lililoniunguza roho.

Alikuja kwetu kama mtafiti, kabla hajawa mke wa kaka. Alikuwa anakusanya habari za kiwanda cha nguo kilichofungwa zamani, na Mama ni mmoja wa wanawake wachache waliobaki kati ya wale walioendesha mashine za kusokota nyuzi zamu ya usiku. Aliingia na kinasa sauti, akatoka na kaka yangu. Harusini nilicheka kama wengine. Nyuma ya mgongo wake nilimpachika jina la Masikio, na sikuwaza kwamba baada ya kumbeba kaka atarudi kumchukua na Mama.

Mimi niko mapokezi ya hospitali. Kazi yangu ni kusikia haraka. Mtu akishika kiuno na kusema, "Dada, tangu juzi nina...", nimeshaandika mgongo na nimeshamwonyesha benchi la kukaa. Foleni yangu haifiki mlangoni, waulize. Nyumbani nako niko hivyo hivyo. Mama akianza kisa mimi namalizia, maana visa vyake navijua vyote. Msimamizi aliyelala juu ya marobota ya pamba mpaka wakamfunika nayo. Mashine iliyomvua shoga yake kitambaa cha kichwa. Siku umeme ulipokatika wakaimba kwenye giza kwa kuogopa kusinzia. Navijua vyote isipokuwa kimoja.

Sijui kwa nini nilipelekwa kwa mama mdogo. Nilipelekwa kabla sijaanza shule, nikarudishwa meno ya mbele yameshaota upya. Kaka alibaki. Kaka alilishwa na Mama, akaugua mikononi mwa Mama, wakati mimi najifunza kumwita mama mdogo "mama", kisha nikafundishwa kuacha. Mama mdogo alikufa na jibu lake. Baba hatumzungumzii. Kila nilipomuuliza Mama alivuta pumzi akatazama dirishani, nami nikaona hataki, nikageuza mazungumzo. Nina watoto wanaoninunulia miwani, lakini swali hilo likinijia najiona bado nimesimama mlangoni kwa mama mdogo na kifurushi changu. Nilikuwa naogopa jibu, na nilikuwa nalitaka kuliko kitu chochote.

Halafu daktari wa koo akatuita. Uvimbe kooni mwa Mama ulikuwa mbaya, lazima utolewe, na sauti ya Mama ingeondoka nao. Hata kunong'ona hakutakuwepo, alisema, kwa sababu hewa itapita kwenye tundu shingoni. Mama hajui kuandika zaidi ya saini yake. Kwa hiyo ama aniambie kabla ya upasuaji, ama nife na swali langu.

Wakati huo huo, wifi naye akaanza kuja kila siku.

Alikuwa na taratibu zake. Kwanza feni inazimwa. Kisha saa ya ukutani inashushwa, inaviringishwa kwenye taulo na kufungiwa kabatini, kwa sababu mlio wake huingia kwenye rekodi. Kinasa sauti kinawekwa juu ya kitambaa kilichokunjwa ili meza isigonge. Vikombe vinakuja bila visahani. Baada ya hapo ananigeukia mimi, ndani ya nyumba ya mama yangu, na adabu zake zote.

"Wifi, samahani. Tukiwa wawili tu Mama anazungumza vizuri zaidi."

"Kwani mimi nikiwepo anazungumza vibaya?"

"Hapana. Ukiwepo unamsaidia sana."

Alisema hivyo bila kucheka, sijui alikuwa ananisifu au ananisuta. Nilikwenda jikoni nikaosha sufuria ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Kutoka jikoni maneno hayasikiki, inasikika sauti tu. Nilimsikia Mama akicheka kicheko nisichokijua, cha chinichini, cha msichana anayeficha kitu. Kisha kimya. Kimya kikarefuka mpaka nikadhani amezimia, na nilipokuwa nafuta mikono niende, sauti yake ikaanza tena, nzito, taratibu, ikaendelea na kuendelea bila mtu kuikata. Wivu ulinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Mwanamke yule hakuzaliwa na huyu mama, hakuachwa na huyu mama, na alikuwa analishwa kwa kijiko kitu nilichonyimwa maisha yangu yote. Kikaja kimya kingine, nikagonga sufuria kwenye sinki. Nikagonga tena kwa nguvu. Baadaye kidogo wifi akachungulia, akatabasamu, akasimama pale mlangoni kwa upole akisubiri nimalize kuosha.

Nilimlalamikia kaka. "Mkeo anamchosha mgonjwa."

"Mama mwenyewe ndiye anayempigia simu," kaka akasema. "Anasema akizungumza na yule anajiona mtu."

Na akizungumza na mimi anajiona nini, kabati? Sikumuuliza kaka. Kaka hajawahi kupelekwa kokote, hawezi kuelewa.

Zikabaki siku chache kabla ya upasuaji, nikaomba ruhusa kazini, nikaenda ofisini kwa wifi. Nilimkuta na vidude vya kusikilizia masikioni, mguu wake uko juu ya kanyagio chini ya meza. Akikanyaga, sauti inakwenda. Akiachia, inasimama, anaandika, anarudisha nyuma kidogo, anasikiliza tena sentensi ile ile. Kwenye karatasi aliandika kila kitu, hata visivyo maneno. *Anacheka. Ananyoosha sketi. Kimya. Kimya kirefu.* Kuta zote mbili zilikuwa na rafu za masanduku, na kila sanduku lina mtu ndani: wakunga, wapiga chapa, mafundi reli, wengi wao marehemu. Nilijiuliza Mama yangu yuko sanduku gani, na nikamchukia.

"Amekuambia?" nikasema, hata salamu sijatoa.

"Karibu, wifi. Nini?"

"Kwa nini nilipelekwa kwa mama mdogo."

Akanyamaza. Akaweka mikono mapajani.

"Usinifanyie hicho kimya chako cha chuo," nikamwambia. "Mimi si mzee wa kiwanda."

"Wifi, siwezi kukwambia alichosema wala ambacho hakusema, mpaka aniruhusu. Ndiyo ahadi tunayowapa wote. Muulize mwenyewe, ungali na nafasi."

"Nitamuuliza. Niazime mashine."

Nadhani hakutegemea hilo. Alifungua droo, akanipa kinasa sauti cha akiba, akanionyesha pa kubonyeza na taa nyekundu inayopaswa kuwaka. Nilipokuwa natoka akasema, "Ukishauliza, subiri. Hata ukiona umesubiri vya kutosha, subiri tena."

"Sifundishwi kukaa na mama yangu," nikamjibu, nikafunga mlango.

Asubuhi ya siku iliyotangulia upasuaji nilifanya yote aliyokuwa akifanya na zaidi. Nilizima feni, nikafungia saa kabatini, nikachomoa hata friji. Nilikunja kitambaa kizuri kuliko chake. Mama aliniangalia nikihangaika, akatabasamu, akasema nimekuwa profesa. Taa nyekundu ikawaka. Nikapiga moyo konde, nikauliza.

Tulizungumza vizuri sana. Nilitoka pale mwepesi. Zilikuwa zamu za usiku, na kaka alikuwa mtoto wa kuuguaugua, na mimi nilikuwa na afya ya kuweza kukaa mbali. Hakuna aliyenikataa. Mama alikiri yote, tukalia kidogo, nikamfunga nywele tayari kwa hospitali. Nikampigia simu wifi hapo hapo. "Nami nimepewa," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa na ile ladha ya mtoto anayeonyesha pipi. Akasema, "Namshukuru Mungu, wifi," nami nilichukizwa kwamba alimaanisha.

Mama alipasuliwa, akapona, akarudi nyumbani na kitambaa laini shingoni na macho yanayosema kuliko zamani. Akitaka kitu anagonga kikombe kwa kijiko. Nilihamia kwake. Nilijitahidi kumwelewa kwa haraka, maji, mto, dirisha, na mara nyingi nilipatia.

Alasiri moja wifi alipita kumjulia hali, na Mama alikuwa amesinzia chumbani. Tulikaa mezani sebuleni. Ukweli nautaja: nilikuwa nimeingojea siku hiyo. Nilileta kinasa sauti, nikakiweka kati yetu. Nilitaka asikie sauti ya Mama ikinipa mimi, na mimi nimwangalie usoni akisikia.

"Si lazima, wifi," akasema.

"Sikiliza. Si ndiyo kazi yako?"

Nikabonyeza. Ikatoka sauti yangu, ya juu, ya dirishani pale mapokezi. "Mama, nataka uniambie kwa nini mlinipeleka kwa mama mdogo." Ikafuata pumzi ya Mama. Niliikumbuka ile pumzi. Sikukumbuka kwamba baada yake kulikuwa na maneno.

"Siku ile, mwanangu..."

"Najua ulikuwa na zamu za usiku, Mama, sikulaumu."

"Zamu, ndiyo. Lakini ile asubuhi, mimi nilipo..."

"Na kaka alikuwa anauguaugua."

"Alikuwa."

"Kwa hiyo ukaona mimi nina nguvu, nitaweza kukaa mbali."

Pumzi nyingine, ndefu. "Mwanangu, baba yako..."

"Achana na Baba, Mama, usijichoshe. Ilikuwa ni zamu na kaka tu, sivyo?"

Hapo palikuwa na kimya kidogo. Kisha Mama akasema, kwa sauti ya mgonjwa aliyeonyeshwa benchi la kukaa, "Haya, mwanangu. Ndivyo." Na mimi nikaendelea. Nilizungumza juu ya mito ya hospitali, nguo za kulalia, daktari gani ana mkono mwepesi. Niliendelea mpaka mwisho wa rekodi, na sauti ya Mama ilibaki kuwa "eeh" na "haya".

Nilizima. Nilingoja wifi acheke. Kama ni mimi ningecheka. Hakucheka, hakunipa pole, hakusema hata neno moja la kunifariji nipate kulirukia.

"Sasa ya kwako," nikasema. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni juu ya nani. "Umepewa wewe, si ndiyo? Basi nisikie jinsi ulivyopewa."

"Nimwombe ruhusa kwanza."

Akaenda chumbani. Nilisikia kitanda kikilia, Mama alikuwa ameamka. Wifi alirudi, akatoa mashine yake mkobani, akasema, "Amekubali. Ila niliyonayo juu ya hilo ni kidogo." Akatafuta mahali, akabonyeza.

Sauti yake kwanza, ya upole ule unaoniudhi. "Na binti yako, Mama, miaka ile alikuwa wapi?" Kisha kimya. Kilikuwa kirefu, na ndani yake niliisikia sufuria ikigongwa jikoni, halafu ikagongwa tena kwa nguvu. Nilitamani kuingia ndani ya ile mashine nikaishike ile sufuria.

Kisha sauti ya Mama, nzima, nzito, ile ambayo haitarudi.

"Hapo zima, mkwe wangu. Hilo si la kiwanda, wala si lako. Hilo ni la binti yangu. Nimemtunzia. Nitampa mwenyewe, akinipa nafasi."

Rekodi ikakatika.

Siku zote zile nilikuwa namwonea wivu mtu aliyekuwa mikono mitupu. Chungu kilikuwa kimewekwa mbele yangu mimi tu, na nimekipiga teke mwenyewe. Nilimtazama wifi na bado, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu. Yeye angesubiri. Yeye angekuwa nalo sasa.

Chumbani kijiko kikagonga kikombe. Wifi hakuinuka.

"Anakuita wewe," akasema.

Nilimkuta Mama ameketi, mto nyuma ya mgongo. Nikakaa kitandani. Akafungua mdomo, hewa ikapita shingoni kwa mluzi mwembamba. Maji, nilitaka kusema. Mto. Umesikia tulichokuwa tunasikiliza. Zamu, kaka, Baba, yote yalikuwa yamejipanga kwenye ulimi wangu yakisukumana. Mama akanyoosha mkono, akanishika taya kwa vidole vyake, akanifunga mdomo.

Halafu midomo yake ikaanza kwenda, taratibu sana. Neno la kwanza halikunifikia. Sikubahatisha. Nikainua kidole kumwomba arudie, naye akarudia.