Bomba la Kurudi

Nilikwenda kumchukua mama yangu, na nilibeba sanduku tupu ili asipate kisingizio. Kiharusi kilikuwa kimemwangusha mwanzoni mwa kiangazi, kikamwachia mkono wa kulia usioshika kitu na mguu wa kulia wa kuburuza. Nilishaamua moyoni kwamba atakuja kukaa kwangu, ghorofa ya tatu, juu ya saluni ninakosukia watu, nimwone kwa macho yangu asubuhi na jioni. Baba yangu ni fundi bomba. Nampenda sana, lakini ni mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kujua chumvi inakaa kabati gani. Kumwachia huyo mgonjwa, niliona, ni kutafuta balaa kwa tochi.

Nilifika na binti yangu, ambaye sote tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Majani mbele ya nyumba yalikuwa yamekauka mpaka yanalia ukiyakanyaga, na jua lilikuwa lile kali la mwisho wa kiangazi, linalochoma kama linajua mvua iko njiani kuja kulifukuza.

Kitu cha kwanza nilichokiona baada ya kufungua mlango ni mabomba. Mabomba ya maji, ya chuma, yamefungwa ukutani kwa skrubu, kimo cha kiuno. Yalitokea kwenye korido, yakapita sebuleni juu ya mgongo wa kochi, yakaingia jikoni. Tena yalikuwa pande zote mbili. Picha ya harusi ya wazazi wangu ilikuwa imehamishwa ikaegemezwa sakafuni. Nilichungulia chumbani kwao, huko hakukuwa na bomba hata moja, ila kuta zilijaa matundu yaliyozibwa kwa saruji ovyo ovyo, utadhani panya wamejifunza kutumia keekee.

"Baba, hapa ni nyumbani au kwenye mtambo wa maji?" niliuliza.

"Mama, hujamwamkia babu," Redio akaniumbua.

Baba hakukasirika. Yeye hakasiriki, na hilo huniudhi kuliko kama angekasirika. Alielekeza sauti jikoni na kusema, "Kamanda kaingia." Ndivyo anavyoniita tangu nilipojua kuamrisha watu, yaani tangu nilipojua kusema.

Mama akatoka jikoni. Mimi nilitarajia kumkuta kitandani, nimekuja nimejiandaa kulia. Lakini alitoka kwa miguu yake, mkono wa kushoto umelishika lile bomba, anasogeza kiganja, anapiga hatua, anauvuta mguu wa kulia mpaka umfikie mwenzake, anasogeza tena. Jasho lilikuwa limemjaa juu ya mdomo. Alipofika kwenye kochi alikaa kama malkia na kututazama.

"Mbona mmesimama kama mnadai kodi? Kaeni."

Jioni hiyo alinisimulia habari za mabomba, na Baba alikaa pembeni akijifanya anatengeneza koki. Alipotoka hospitali, alisema, aliweza kusimama alimradi awe na kitu cha kushika. Lakini kushikwa na mtu hakutaka. "Mimi si gunia," alimwambia Baba. Basi siku moja alipolala mchana, Baba alichukua mabomba yaliyobaki kwenye kazi zake za zamani, akayafunga ukutani kutoka kitandani mpaka jikoni. Mama akaamka, akashika, akaenda. Taratibu, mapumziko mengi, lakini akafika jikoni. Wakapigiana makofi, wazee wawili peke yao ndani ya nyumba. Halafu akageuka ili arudi.

"Nageuka, bomba liko upande wa kulia," Mama alisema. "Mkono wa kulia ndio huu, tazama, umelala. Nikakwama jikoni! Fundi mzima na miaka yote hiyo ya kazi, ananiletea kiti nikalie huku anakuna kichwa."

"Nimezoea maji," Baba alijitetea bila kuinua macho. "Maji yakishakwenda hayarudi."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu, na mimi nilicheka naye, maana kicheko chake kilikuwa kilekile, kiharusi hakikukigusa. Kesho yake Baba akafunga mabomba mengine ukuta wa pili. Ndipo nyumba ile ikawa na bomba la kwenda na bomba la kurudi.

Pamoja na kicheko chote hicho, mimi uamuzi wangu ulikuwa palepale. Nililivuta sanduku nikaliweka katikati ya sebule, nikasema nilichokuja kusema. Nilisema kwamba Baba amejitahidi, hakuna anayebisha, lakini bomba si mtu. Nikasema mvua zikianza, sakafu ikiwa na unyevu, akianguka tena nani atamwinua?

Mama alilitazama sanduku.

"Kesho kutwa ni siku ya mablanketi," alisema.

Nyumbani kwetu siku hiyo ipo tangu nipate akili. Kiangazi kinapofika mwisho, kabla mawingu hayajatuzidi ujanja, mablanketi yote ya nyumba hupelekwa kijitoni, nyuma ya uzio wetu. Tunayakanyaga ndani ya maji, tunayakamua, tunayatandaza juu ya mawe yenye moto wa jua. Mama ndiye jemadari wa siku hiyo. Utotoni niliamini jua hutoka kwa sababu yeye ameliamuru.

"Nikifika kijitoni kwa miguu yangu, bila kushikwa na mtu, nabaki kwangu," alisema. "Nikishindwa, sanduku hilo nalijaza mwenyewe na sitanung'unika hata kidogo. Umekubali?"

Nilikubali haraka, tena kwa huruma. Nilimwona akihema kwa kutoka jikoni tu. Na kijito kiko mbali: umalize uani, utoke kilango cha uzio, kisha ushuke mteremko wenye changarawe. Usiku nilimtandikia akilini kitanda cha kwangu, kando ya dirisha lile linaloingiza hewa.

Asubuhi nilitaka kupika mayai, nikazunguka jikoni nafungua makabati, chumvi siioni.

"Kabati la chini, kushoto," Baba alisema akipita na kisanduku chake cha vifaa. "Niliihamisha. Juu alikuwa haifikii."

Nilitia chumvi kwenye mayai.

Hatujamaliza kula vizuri, Redio akaja mbio kutoka koridoni. "Mama! Mama! Babu anang'oa mabomba!"

Niliinuka. Baba alikuwa amepiga magoti koridoni, spana mkononi, skrubu zimemjaa mdomoni, na ukuta mmoja ulikuwa umeshabaki mtupu. Damu ilinichemka. Nilikuwa nimekuja kushinda, ni kweli, lakini sikutaka kushinda hivyo. Mtu aliyeishi na Mama miaka yote hii amesikia tumewekeana sharti, na hata siku yenyewe haijafika, anabomoa!

"Yaani umeshamfungia mzigo, Baba?" nilisema, na sauti ilinitoka kali kuliko nilivyokusudia. "Hata kumpa nafasi ya kujaribu?"

Hakuweza kujibu kwa ajili ya zile skrubu. Alinyoosha kidevu kuelekea chumbani.

Mama alikuwa anatoka. Hakuwa na kitu cha kushika. Ukuta ulikuwa mweupe, una matundu tu, na yeye alikuwa anakuja kando yake, kiganja cha kushoto kimefunguka karibu na ukuta bila kuugusa, kama mtu anayepita jirani na mtoto aliyelala na hataki kumwamsha. Akapiga hatua, akauvuta mguu. Akayumba. Niliruka nimdake, Baba akanyoosha spana mbele yangu kama kizuizi cha barabarani. Mama akasimama, akavuta pumzi, akaendelea. Akafika sebuleni, akalishika bomba la huko, akanikonyeza.

Baba akatema skrubu kiganjani. "Hapa hahitaji tena," alisema. "Mabomba ni haya haya, sina mengine. Akikizoea kipande, nakitoa nakipeleka mbele."

Ndipo nikayaelewa yale matundu. Chumbani kote, kuanzia usawa wa kitanda, kila tundu lililozibwa kwa saruji lilikuwa mahali ambapo mama yangu aliwahi kuhitaji kushika na sasa hahitaji. Mimi nilikuwa nimeyaita kazi ya panya. Niliona aibu, halafu fahari ikanipanda. Wazee hawa walikuwa wameifanya kazi hiyo wiki baada ya wiki, na kwenye simu nikiuliza habari, Baba alikuwa akijibu, "Tunaendelea," basi. Kumbe walikuwa wanaendelea kwelikweli.

Baba alinipeleka nje akanionyesha. Kutoka mlango wa nyuma alikuwa ameshasimika nguzo fupi, na juu yake bomba limepita kando ya kamba ya nguo. Kipande cha mwisho kilikuwa kinasubiri mabomba ya korido ili kifike kwenye uzio.

"Na la kurudi?" niliuliza.

Nilifurahi nimeuliza, kwa jinsi uso wake ulivyong'aa. "Nje hakuna ukuta, Kamanda. Anakwenda kwa upande huu, anarudi kwa upande ule. Bomba moja linatosha safari zote mbili." Alilipigapiga lile bomba kwa upendo. Kutwa nzima tulifanya kazi pamoja, mimi nikimshikilia nguzo, yeye akikaza, na jua likitukaanga wote wawili.

Siku ya mablanketi ilikucha bila wingu. Mama alitoka amefunga kitambaa kichwani na amevaa viatu vya raba, na jambo la kwanza alilofanya ni kuamuru mablanketi yajazwe ndani ya sanduku langu. "Limekuja bure, na lenyewe lina magurudumu," alisema. Baba akaliburuza, beseni kichwani. Redio akabeba sabuni. Mimi nililichukua begani lile blanketi kubwa la kitanda chao, ambalo halikuenea sandukuni.

Mama akashika bomba. Alipita kamba ya nguo, akapumzika. Alipita pipa la maji, akapumzika tena, akamsuta Baba kwa kufunga nguzo moja upande. Akafika kwenye kilango cha uzio, na bomba likaishia hapo.

Mbele yake ulikuwa mteremko, na chini maji membamba ya kiangazi yanapita kati ya mawe. Baba alikuwa ameshafika huko. Aliweka beseni, akageuka akasimama, mikono imemning'inia. Alimtazama mkewe na hakupanda kumfuata. Nilijua kusimama vile kulivyomgharimu, maana vidole vyake vilikuwa vinajikunja na kujikunjua. Hata Redio alinyamaza. Mama alikishika kile kichwa cha bomba na hakukiachia.

Mimi nilihitaji kukaa kimya tu. Kukaa kimya, na mama yangu angekuwa wangu, dirishani kwangu, kila siku.

"Kamanda," Mama alisema bila kunitazama. "Hilo blanketi si zito? Tangu lini linabebwa na mtu mmoja? Nipe ncha."

Nilimwangalia. Midomo ilikuwa inamtetemeka, lakini macho yalikuwa yananicheka. Nilishusha blanketi, nikalisokota likawa kama kamba nene, nikampa ncha moja kwenye mkono wa kushoto. Nyingine nikaishika mwenyewe kwa mikono yote miwili, nikatangulia kinyumenyume.

"Kaza," alisema.

Nikakaza. Akaliachia bomba. Nilihisi uzito wake wote ukija mikononi mwangu kupitia lile blanketi, ukaja na kuondoka, ukaja na kuondoka, kila hatua. Nikilegeza kidogo anayumba, kwa hiyo sikulegeza. Visigino vyangu vilitafuta njia kwenye changarawe, mabega yakawaka moto, na nilikuwa nalia waziwazi wala sikujali. Kipande cha mwisho cha bomba nilikuwa mimi. Nilimtazama mama yangu akiushuka mteremko ule na nikajua kwamba sijawahi kuona mtu hodari kuliko yeye, labda yule aliyesimama chini akijizuia kumsaidia.

Mguu wake wa kushoto ukaingia majini, kisha akauvuta wa kulia nao ukaingia.

"Nimefika," alisema.

"Tulisema bila kushikwa," nilimjibu nikijifuta pua.

"Nani kanishika? Mimi nimebeba blanketi."

Baba alicheka akakaa juu ya beseni, na beseni likapinduka naye. Baada ya hapo ilikuwa ni siku ya mablanketi kama zote. Tuliyakanyaga, tukayakamua, mimi upande mmoja, Mama upande wa pili kwa mkono wake mmoja na kwapa, akinigombeza kwamba nakamua kivivu. Tukayatandaza juu ya mawe mpaka kingo zote mbili za kijito zikawa na rangi.

Tulipokaa kupumzika, Baba alinisogelea, nguo mbichi zimemganda mwilini.

"Hivi, ngazi za kwako zina chuma cha kushikia?"

"Zina."

"Upande gani?"

"Kushoto, unapopanda."

Alifumba jicho moja kama anavyofanya akiwa anapima. Kisha alimtazama mkewe, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe, miguu majini, anagombania sabuni na Redio.

"Basi kupanda atapanda," alisema. "Tutakuja mvua zikiisha. Nitaleta bomba la kurudi tu."