Kifua Kinachopiga Mluzi

Vumbi la mbao halina haraka. Linaingia na jua dirishani, linaelea, linajizungusha, kisha linatua: juu ya kabati, juu ya birika, juu ya nyusi za seremala aliyelala chali mkekani, mto chini ya mgongo, mikono ameitandaza huku na huku.

Mmmmmm, anavuma seremala. Midomo imefumba, pua inafanya kazi.

Mkewe anamtazama, nguo za kazi za mumewe zimemjaa mikononi. Haamini.

Kitindamimba wao ndiye aliyeyaleta mambo haya. Alijifunza yoga mjini, akarudi na maagizo: baba, fungua kifua, shusha mabega, vuta pumzi kwa pua, iache itoke polepole kwa mvumo, kama nyuki. Basi mzee mzima, fundi wa milango na vitanda vya mtaa mzima, akageuka nyuki. Mama akaguna. Dawa isiyo chungu, ya kulala tu na kuvuma, tangu lini ikaponya mtu?

Kwa miaka mingi kifua cha mumewe kilipiga mluzi. Fiii, mwembamba, wa juu, kila pumzi ilipotoka. Mluzi huo ulimuudhi, na mluzi huo ulimbembeleza. Kwa huo alijua mumewe yupo, anapumua, na yeye bado si mjane. Aliuchukia na kuuegemea, vyote kwa pamoja.

Sasa seremala anapanda ngazi bila kusimama. Anacheka bila kukohoa. Anasema mluzi umekwisha.

Umekwisha? Mbona yeye anausikia? Anausikia akikunja shuka, anausikia akipuliza chai. Ananificha, aliwaza. Anavuma ili nisisikie. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe kitakuwa changu. Woga ukamshika, woga wa kumpoteza mtu anayemchekea usoni.

Akaikung'uta ovaroli, pu, pu, kama alivyozoea: mlango umefungwa, humo humo chumbani, majirani wasije wakalalamika kwamba vumbi linaharibu nguo walizoanika. Mwanga ukajaa vumbi.

Fiii.

"Usinidanganye, baba watoto," akasema. "Bado kinalia."

"Kifua changu?"

"Cha nani tena? Humu si tuko wawili tu."

Seremala aliketi. Akavuta pumzi, akaibana. Mashavu yakatuna, macho akamkazia mkewe. Hakuna kilichovuma, hakuna kilichosogea, ila vumbi.

Fiii.

Mwembamba, wa juu, ule ule.

Mama akautazama mdomo wa mumewe, uliofumba. Akaitazama pua yake, iliyotulia. Kisha polepole akauweka mkono kifuani pake mwenyewe, na kifua kikamjibu kwa kutetemeka chini ya kiganja.

"Tangu lini?" seremala akauliza, pumzi ikimtoka yote.

Mama hakujua. Miaka yote alikuwa akisikiliza upande mmoja tu wa kitanda.

Seremala akasogea, akamwachia nusu ya mkeka. Akauchomoa mto wake, akauweka pale ambapo mgongo wa mkewe ungekuja. Mama akalala. Juu yake vumbi la ovaroli lilikuwa bado linashuka katika jua, taratibu, moja kwa moja kuja usoni pake.

Akafumba mdomo. Mmm, akajaribu, na sauti ikakatika njiani.