Taa Kumi na Saba

Siku picha za Valenta mpya zilipotoka, Dishon Opondo alikuwa chini ya pikapu ya mtu, amelala chali juu ya gunia, na simu ikawa inalia mfukoni bila kupumzika. Hakuitoa. Fundi wa bodi anayeheshimu kazi yake hashiki simu akiwa na moto wa kulehemu mkononi. Alipotoka na kujifuta mikono, alikuta jumbe mia moja na arobaini, zote kutoka kundi moja la WhatsApp.

Kundi hilo liliitwa Valenta Kisumu. Lilikuwa na watu kumi na tisa na magari manane, maana wengine walikuwa wapenzi tu, kama Mwalimu Wakhisi, aliyekuwa na baiskeli na maoni. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi walikutana Dunga, kando ya ziwa, wakayaosha magari, wakayapanga mstari na kuyatazama huku wakila samaki. Ukiwaambia gari ni chombo cha kukutoa hapa hadi pale, walikuhurumia. Valenta kwao ilikuwa ile ya zamani, yenye taa nne za mviringo na shoo refu la chuma linalong'aa pale mbele ya injini, gari la mabalozi na wakurugenzi, ambalo wao walilipata likiwa limeshachoka. Aliyeyafufua yote manane, katika gereji yake ya mabati pale Kondele, alikuwa Dishon. Kwa hiyo yeye ndiye mwenyekiti, na hakuna aliyewahi kuuliza uchaguzi ulifanyika lini.

Sasa watu kama hao waonyeshwe Valenta isiyo na taa nne! Kampuni ilikuwa imeufuta uso mzima. Shoo halikuwapo. Taa kubwa zilikuwa zimefichwa chini, karibu na bampa, na mahali pake, kutoka upande mmoja hadi mwingine, kulikuwa na vitaa vidogo vya manjano, vingine vimekaribiana, vingine vimeachana, kana kwamba mtu alivimwaga tu akaenda zake.

"Wameua gari," aliandika Lornah, karani wa mahakama, mwenye Valenta nyeupe ambayo hata mumewe haruhusiwi kuiendesha. "Nimelia. Si mchezo."

"Hii ni friji imelazwa," aliandika Kiragu, muuza vipuri aliyetoka Nyeri zamani na sasa anakula samaki kuwashinda wenyeji.

Mwalimu Wakhisi aliandika aya tatu zenye vituo na mikato yote. Kisha wakaanza kuuliza mmoja mmoja: mwenyekiti yuko wapi? Mwenyekiti aseme.

Dishon aliikuza picha kwa vidole viwili. Alipozitazama zile taa, kitu kilimgusa, kama unapoona sura ya mtu unayemjua lakini jina halikuji. Hakukipa nafasi kitu hicho. Watu kumi na wanane walikuwa wanamsubiri, na Dishon, mwenyewe angekubali, alipenda kusubiriwa. Akabonyeza kitufe cha sauti.

"Jameni, mimi nimeangalia hii kitu. Hizi si taa ya gari. Hizi ni karabai za watu ya kuvua omena! Yawa, si ukisimama Luanda Kotieno giza ikiingia unaona tu hivi kwa maji? Na hata hazijapangwa laini moja. Fundi akiniletea kazi kama hii, namfukuza na nyundo. Huyu mwenye alichora, mimi namhurumia. Huyo ni mtoto hakuwa na baba. Angekuwa na baba, angeambiwa gari ni nini."

Kundi liliangua kicheko. Lornah alisema sasa amepona.

Ujumbe ule haukukaa Kisumu. Wakhisi aliupeleka kwa shemeji yake, shemeji akaupeleka kunakojulikana na Mungu, na kufikia Alhamisi ulichezwa kwenye redio huko Nairobi. Wiki ya pili wapenzi wa Valenta wa nchi ambazo Dishon hakujua ziko upande gani wa dunia walikuwa wameuweka mtandaoni, sauti yake ikinguruma na tafsiri ikipita chini. Pale Kondele waendesha boda boda wakaanza kumwita Mzee Karabai. Alijifanya amechukia. Lakini alinunua shati jipya, na alipopita stejini alipunguza mwendo.

Nyumbani Nyalenda, Selpha mkewe hakucheka. Selpha alikuwa mshonaji, mtu wa maneno machache, na neno alilokuwa nalo lilikuwa moja.

"Debra hajapiga."

Debra Atieno alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikuwa Ulaya mwaka wa saba, akifanya kazi kwenye ofisi inayochorea makampuni mengine vitu: friji, trekta, viti vya treni. Kila Jumapili baada ya kanisa alipiga simu. Aliongea kwanza na mama, kisha akasema "Nipe Baba," na hapo Selpha alikwenda kupika, kwa maana wakianza habari ya magari hawakumaliza. Sasa Jumapili mbili zilikuwa zimepita kimya.

"Ako na kazi mingi," alisema Dishon.

"Hata Krismasi akiwa na homa alipiga," alisema Selpha.

Ni kweli. Krismasi alipiga, na alikuwa na furaha ya kuficha kitu. "Baba," alisema, "mwaka huu kuna kitu yangu itatoka. Nimeweka sahihi, siruhusiwi kuongea. Lakini nataka nione kama utaitambua." Dishon alidhani ni viti vya treni. Alisema amina, akaendelea kumweleza kuhusu gia ya Lornah, na hakulifikiria jambo hilo tena.

Jumatatu, saa za chai, Kiragu alikuja gerejini mwenyewe kwa miguu. Hilo peke yake lilimtia Dishon wasiwasi, maana Kiragu hata dukani kwa jirani huenda na gari. Alivuta kiti cha Valenta kilichong'olewa, akakikalia.

"Bwana Dishon, kuna kitu sikuweka kwa group."

Akamwonyesha video. Kampuni ya Valenta ilikuwa imewaleta waliochora gari jipya wajieleze, kwa sababu ya kelele za watu. Mwanamume mmoja aliongea, kisha mwingine. Halafu akatokea msichana mweusi mwenye nywele fupi, na chini yake jina: D. Atieno. Wengine kwenye kundi walimjua Debra akiwa mtoto wa sare ya shule tu, wasingemtambua. Kiragu ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege.

Alikuwa anaongea Kiingereza, polepole, kama aliyeambiwa asilie. Alisema alipokuwa mdogo walikwenda kwa nyanya yake Uyoma, na baba yake alikuwa akisimamisha gari kwenye kilima juu ya Luanda Kotieno wavuvi wa omena wanapowasha taa zao majini. Alimkalisha juu ya boneti, amemfunika koti lake, akamwambia ahesabu. Siku anayoikumbuka zaidi zilikuwa kumi na saba. Wenzake walitaka azinyooshe, naye akakataa, kwa sababu mashua hazikai mstari. "Niliwaambia," alisema Debra, "kwamba duniani kuna mtu mmoja atakayezitambua bila kuambiwa na yeyote." Kisha akatazama pembeni, na video ikakatika.

Dishon alifungua ile picha aliyoicheka kwa wiki mbili. Akaanza kuhesabu kwa ncha ya kidole cheusi cha grisi, kutoka kushoto. Zilikuwa kumi na saba.

"Na ulizitambua," Kiragu alisema kwa upole. Hakukusudia kumuumiza, lakini hakuna siku Dishon alipigwa na neno kama siku ile.

Alipiga simu papo hapo. Iliita mpaka ikakata. Alipiga tena kwa simu ya Kiragu, kisha kwa ya Selpha. Jioni alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi, akisema amezitazama tena zile taa, ni nzuri, na yeye aliongea vibaya. Hapo angesema yaliyobaki. Mdomo ulikuwa wazi kabisa, jina la mtoto wake liko kwenye ulimi, lakini aibu ikamshinda. Akaachilia kitufe.

Walicheka. Walidhani ni mzaha wa pili. "Mwenyekiti ameokoka!" aliandika Lornah. Na ujumbe huo, hakuna aliyeupeleka kwa shemeji yake.

Ijumaa kampuni ikatangaza kwamba imewasikia wapenzi wa Valenta. Uso wa gari utachorwa upya kabla halijaingia sokoni, na taa zitarudi kuwa nne. Kundi lilishangilia kama timu imechukua kombe. "Mzee Karabai ametushindia!" "Kondele imepigana na Ulaya!" Dishon alizima simu akaitupa kwenye sanduku la spana.

Jumapili, simu ya Selpha ikaita. Dishon alisimama mlangoni, asijue akae au atoke. Selpha aliongea taratibu, habari za kanisa, za mvua, za cherehani, huku akimtazama mumewe. Kisha akaweka simu mezani, sauti ikiwa wazi.

"Baba ako hapo?"

"Ako," alisema Selpha.

Dishon alisogea, akafungua mdomo.

"Usimpe. Mwambie tu wamezitoa. Mwambie ameshinda. Na Mama, ile ya taa singekasirika. Kila mtu amezicheka. Ni ile ya mtoto hakuwa na baba. Hapa ofisini wameicheza mbele yangu, wanauliza, Atieno, hii ni lugha ya kwenu, huyu mzee anasema nini? Nikawatafsiria."

Simu ikakatika. Selpha aliichukua, akaifuta kwa leso ingawa haikuwa na vumbi, akaenda jikoni. Dishon alikaa chini. Alilia, na hakujificha.

Dishon alikuwa na Valenta yake mwenyewe, nyeusi, ya kwanza kuifufua, ile ile ya safari za Uyoma. Kwa miaka ishirini na mitano hakuruhusu hata stika ibandikwe juu yake. Shoo lake lilikuwa la kiwandani, taa zake nne za kiwandani; Wakhisi aliwahi kusema gari lile linafaa kuwekwa makumbusho. Asubuhi ya Jumatatu alilivuta katikati ya gereji, akang'oa shoo, akang'oa taa zote nne. Kisha akawasha gurainda akakata chuma cha mbele.

Alifanya kazi siku tano. Wateja walikuja wakarudi. Alipanua picha, akapima nafasi kati ya taa na taa kwa uzi, maana hakuna mbili zilizolingana, na kila alipotaka kuinyoosha moja mkono wake wa fundi ulimwasha, akauzuia. Taa kubwa alizipachika chini, kwenye bampa. Akapaka puti, akasugua, akapuliza rangi.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi magari saba yalikuwa yameshapangwa Dunga. La nane lilipoingia polepole, vitaa vya manjano vikiwaka mchana kweupe, sabuni ilidondoka mkononi mwa Lornah. Mtu alicheka, halafu akaona uso wa Dishon akaacha.

"Mwenyekiti," Lornah alisema, akiwa karibu kulia tena, "nani amefanyia gari yako hivi?"

"Mimi ndio nimekata," alisema Dishon. "Lakini hii kazi si yangu. Imechorwa na Debra Atieno, mtoto yangu na Selpha."

Kiragu alikuwa ameinua simu, anarekodi. Dishon alimwona, akageuka kumtazama.

"Mimi nilisema mwenye alichora hii kitu hakuwa na baba. Nyinyi mkacheka, dunia ikacheka. Sasa sikizeni vizuri. Alikuwa na baba. Baba yake ndiye alimweka juu ya hii boneti akamwambia hesabu. Baba yake aliona hizi taa akazijua siku ya kwanza, halafu akazitukana kwa sababu watu walikuwa wanamsikiza. Debra, nyathina, mtoto yangu, hao wengine hawakujua ni nini. Mimi nilijua. Nisamehe."

Mwalimu Wakhisi, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alikwenda akaanza kuliosha gari la Dishon, na wengine wakamfuata na ndoo zao. Walizipita zile taa kwa uangalifu. Lornah alibaki nyuma, akasema bado hazipendi, lakini ataosha. Kiragu aliipeleka video kwa Debra peke yake, si kwa kundi.

Siku ile video haikujibiwa. Jumapili simu ya Selpha haikuita, wala Jumapili iliyofuata. Dishon aliendesha gari lake mjini hivyo hivyo, na pale stejini Kondele walimzomea, wakapiga honi, wakauliza omena ni bei gani leo. Hakupunguza mwendo.

Jumatano moja alikuwa gerejini anakula githeri alipohisi simu ikitikisika. Kulikuwa na ujumbe mmoja. Debra alikuwa ameirudisha ile video ya Dunga, na chini yake ameandika mstari mmoja tu.

"Ya tisa kutoka kushoto haiwaki, Baba."

Dishon aliusoma mara tatu. Aliweka sahani chini, akachukua bisibisi, akatoka nje kwenda kuitazama.